Tupeane uzoefu: Mlioacha kazi zenu mkawa washauri nasaha baada ya kufiwa

Habari zenu wapendwa. Mimi ni mhasibu. Mume wangu alipofariki, kila mtu aliniambia nijikaze. Mshauri nasaha mmoja tu ndiye aliyeniacha nilie mpaka nikatosheka, kisha akaniuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Sasa nataka kuisomea kazi hiyo. Ndugu wanasema nina majonzi, nisubiri. Mliopita njia hii, mlianzaje?

Fundi umeme wa zamani
Pole sana dada yangu. Mimi nilifiwa na mwanangu. Ndugu zako wana hoja, ila majonzi hayakuzuii kusoma. Kinachotakiwa ni uwe na mahali pengine pa kuyapeleka. Tafuta mshauri wako mwenyewe kabla hujaanza darasa, na uendelee naye.

Nilikuja kuona umuhimu wake siku alipoingia mama aliyefiwa na mtoto wa rika la mwanangu. Alitoa kiatu kimoja kidogo mkobani, akakiweka mezani, akanyamaza. Kifua kilinibana. Nilitamani kumwambia hata mimi yamenikuta, nikajizuia, maana angeanza kunipa pole mimi, na saa ile ilikuwa yake. Jioni nilikwenda kulia kwa msimamizi wangu, yaani mshauri mzoefu anayefuatilia kazi yangu. Hata washauri wakongwe wana msimamizi, usikubali kufanya kazi bila yeye.

Mwanasaikolojia Carl Rogers aliandika mwaka 1957 kwamba mshauri aione dunia ya mteja kana kwamba ni yake, bila kusahau kuwa si yake. Kwa sisi tuliofiwa, hapo ndipo pagumu.

Mama wa mapacha
Naongezea kuhusu zile hatua tano za majonzi ambazo watu husema mfiwa hupitia: kukataa ukweli, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali. Daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross alipozieleza mwaka 1969, alikuwa amezungumza na wagonjwa waliokaribia kufa, si wafiwa. Nimepokea watu wanaojilaumu eti wameruka hatua ya hasira! Mimi hupenda zaidi walivyoeleza watafiti Stroebe na Schut mwaka 1999: mfiwa huenda na kurudi, mara yuko kwenye uchungu, mara yuko kwenye kupanga maisha mapya. Asubuhi analia, mchana anacheka na wanawe, na hajamsaliti marehemu.

Msomaji wa siku nyingi
Usiache uhasibu kwa ghafla. Mazoezi ya vitendo mara nyingi hayana malipo, na wateja huja taratibu.

Mwanzisha mada
Asanteni sana, nimepata nguvu. Je, mteja akiniuliza kama na mimi nimefiwa?

Fundi umeme wa zamani
Mwambie ukweli kwa ufupi, kisha mrudishie nafasi: "Ndiyo, nilifiwa na mume wangu. Ungependa kujua nini hasa?" Mara nyingi anataka kuhakikisha kwamba utaweza kusikia anachotaka kusema.