Lubumbashi, Katuba mpaka Kasapa kila siku: teksibasi, teksi ao manseba (pikipiki ya abiria)?

Mwana_Katuba: Ba yaya, masomo ya chuo kikuu pale Kasapa yanaanza saa mbili asubuhi. Mtu wa Katuba apande nini? Franga si nyingi.

Papa_Volant: Teksibasi ndiyo nafuu, lakini ihesabu kama safari mbili: Katuba mpaka mjini, kisha mjini mpaka Kasapa. Nauli mara mbili, kungoja mara mbili, kwani Hiace, basi dogo lenyewe, haitoki mpaka ijae, watu wanne kwa kiti. Dereva usimlaumu bure. Jioni mwenye gari anangoja versement yake, pesa anayoletewa kila siku, na mafuta yanatoka mfukoni mwa dereva. Ndiyo maana asubuhi wanakata njia: gari linafika katikati, linageuka, linapakia tena. Vipande viwili vilivyojaa vinalipa kuliko safari moja ndefu. Muulize konda "mpaka mwisho?" kabla hujakaa, na nauli uitoe mkishapita pale wanapozoea kugeukia.

Mama_Ruashi: Na mlango! Hiace nyingi ni za usukani wa kulia, mlango wa kusukuma uko kushoto. Sisi Kongo tunaendesha upande wa kuume, basi mlango unafungukia katikati ya barabara. Usiruke. Chungulia kwanza upande wa nyuma, manseba wanapita hapohapo kwa mbio, halafu zungukia nyuma ya gari. Ukipita mbele, dereva ameshaondoa mguu kwenye breki, macho yake yako kwa abiria wengine.

Polo_wa_Kasapa: Teksi ya kushirikiana inabeba wanne nyuma na wawili mbele, haraka kidogo tu kuliko basi, kwa hiyo peke yako haifai. Mkiwa watatu ao wanne wa njia moja, kodini nzima siku ya mtihani. Bei mpatane kabla ya kupanda, tena kwa franga: dola dereva anaipigia kiwango chake. Na dola iliyopasuka hata kidogo haipokelewi, wakati noti ya franga 500 iliyogandishwa kwa utepe wa skochi inapita.

Fundi_Moto: Manseba ana faida moja kubwa: hakuna kubadilisha mjini. Panda kwa kushoto, eshapoma (bomba la moshi) iko kuume na inachoma mguu. Begi la kompyuta liweke kati yako na dereva, si mgongoni. Mkiwa abiria wawili nauli mnagawana, lakini breki ya nyuma inachelewa kushika, mwambie apunguze kwenye mteremko. Mvua ikianza, Novemba mpaka Machi, vichochoro vya Katuba ni udongo mwekundu unaoteleza: tembea kwa miguu mpaka kwenye lami.

Papa_Volant: Naongeza: toka saa kumi na mbili kamili, na rudi nyuma mpaka parkingi gari linapoanzia. Katikati ya njia utaona yaliyojaa tu.

Mwana_Katuba: Na jioni?

Polo_wa_Kasapa: Jioni usisubiri giza Kasapa. Fika mjini mapema, magari ya Katuba bado yanaitana abiria. Giza likiingia, manseba anataja bei anayotaka.