Kindle, Kobo, tableti au simu tu: kipi kinafaa kusomea vitabu hapa Mombasa?

mwalimu_changamwe

Asalaam aleikum wenzangu. Nataka kununua kifaa kimoja cha kusomea na bajeti yangu hairuhusu kukosea. Ninayosoma ni ya aina tatu: riwaya za Kiingereza na Kiswahili, PDF za kazini (kurasa za A4, nyingine zimeskaniwa), na mashairi ya zamani. Nasoma ndani ya matatu, kwenye foleni ya feri Likoni, na wikendi ufukweni. Simu ninayo, Android ya kawaida. Je, kuna haja ya Kindle au Kobo (vile vifaa vya kusomea vitabu tu), au nitafute tableti? Naomba wanaovijua vifaa hivi wanieleze kwa undani, maana matangazo yote yanasema mamoja.

bintikuze

Waleikum salaam mwalimu. Weka bei kando kwanza, tuangalie faili zako. Hizo PDF za A4 ndizo zitakazoamua.

A4 ina upana wa sentimita 21. Skrini ya inchi 6, kama ya Kindle au Kobo ndogo, ina upana wa kama sentimita 9. Ukifungua ukurasa mzima, herufi ya pointi 12 inashuka hadi kama pointi 5, na hapo hakuna jicho litakalostahimili. Ukikata pambizo za sentimita 2.5 kila upande, maandishi yanabaki na upana wa sentimita 16. Ukilaza kifaa ubavu unapata sentimita 12 za upana, na ile herufi inarudi kwenye pointi 9. Inasomeka vizuri, lakini kila ukurasa utausogeza mara mbili na kipande, na ukifika kwenye jedwali au mchoro utachoka.

Tableti ya inchi 10 ikisimama wima ina upana wa kama sentimita 13.5. Pambizo zikikatwa, unapata pointi 10 na ukurasa wote uko mbele yako. Kwa PDF za kazini mimi sina shaka: tableti. Kwa riwaya, hapana. Tableti ya inchi 10 ina uzito wa karibu nusu kilo, na mkono mmoja ndani ya matatu hauiwezi kwa muda mrefu.

nahodha_likoni

Dada kasema kweli kuhusu PDF, lakini mwalimu kataja ufukwe na foleni ya feri. Hapo tuzungumze jua.

Skrini ya simu na tableti inashindana na jua. Saa saba mchana utapandisha mwangaza hadi mwisho, betri itaisha, simu itapata joto, kisha itajipunguza mwangaza yenyewe ili isiungue. Skrini ya wino, ile ya Kindle na Kobo, haina ushindani huo, kwa sababu inarudisha mwanga wa jua kama karatasi. Jua likizidi, yenyewe inazidi kuonekana. Tena ukivaa miwani ya jua yenye polaraizi, simu nyingi zinakuwa nyeusi ukizigeuza upande fulani, ilhali skrini ya wino haibadiliki.

Betri nayo ielewe vizuri, maana wengi hudanganyika na maneno ya "wiki 10". Kwa Kindle Paperwhite ya 2021, hesabu hiyo ni ya nusu saa kwa siku, Wi-Fi imezimwa, taa iko kwenye kiwango cha 13. Jumla yake ni kama saa 35 za kusoma. Ni nyingi sana ukilinganisha na simu, lakini msomaji wa saa tatu kwa siku ataichaji kila baada ya siku kumi na mbili hivi. Vinavyokula chaji ni taa na Wi-Fi, kwa hiyo zima Wi-Fi ukishapakua vitabu vyako. Mchana ufukweni punguza taa hadi sifuri, haikusaidii kitu.

fundi_mwembetayari

Mimi nitasema mambo ya bahari, kwa sababu hapa kwetu ndiyo inayoua vifaa.

IPX8 iliyoandikwa kwenye Paperwhite, yaani kiwango cha kinga ya maji, maana yake ni mita 2 za maji baridi kwa dakika 60. Maji ya chumvi ni hesabu nyingine kabisa: robo mita kwa dakika 3. Kindle ya kawaida ya 2022 haina kinga yoyote ya maji. Kobo Clara BW na Libra Colour za 2024 zinayo IPX8.

Kikiingia maji ya bahari, kioshe kwa maji baridi ya mfereji, kielekeze tundu la chaji chini, kiache pahali penye upepo mpaka kikauke kabisa. Usichomeke chaja. Chumvi ikibaki ndani ya tundu na umeme ukapita, pini zinaota kutu ya kijani, na siku chache baadaye kebo inashika ukiipinda tu. Msimu wa kusi unyevu peke yake unatosha kuanzisha kutu hiyo, kwa hiyo usilaze kifaa usiku kucha dirishani linaloelekea bahari.

Mchanga nao unaingia kati ya skrini na fremu, kisha ukifuta kwa kanga unakwaruza. Puliza kwanza, futa baadaye.

Joto: Kindle imetengenezwa kwa nyuzi 0 hadi 35. Gari lililofungwa vioo juani mwezi wa Februari linapita hapo haraka sana. Usikiache kwenye dashibodi.

Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Skrini nyingi za wino zina kioo chembamba sana kwa ndani hata kama uso ni wa plastiki. Kikibanwa begini na chupa ya maji au kufuli, kioo kinapasuka ndani bila alama yoyote juu, na utaona mistari isiyotoka au nusu ya picha iliyoganda. Skrini ya simu utabadilishiwa mjini siku hiyo hiyo. Ya Kindle huagizwa, na gharama yake inakaribia bei ya kifaa kilichotumika. Nunua kava ngumu siku hiyo hiyo unaponunua kifaa. Kwa upande wa ufundi, Kobo za 2024 nilizozitaja ni afadhali, maana kampuni iliingia makubaliano na iFixit, kampuni ya mambo ya ukarabati, kutoa vipuri na maelekezo ya kuzifungua.

malenga_wa_makadara

Mwalimu, mashairi hayajapata mtetezi hapa, basi nikae nayo kidogo.

Shairi la mizani 16 kwa mshororo halipendi skrini nyembamba. Chukua mshororo huu wa mfano:

Kitabu nilichopewa, nimekisoma usiku

Hizo ni herufi 36 pamoja na nafasi. Ukikuza fonti mpaka mstari mmoja ubebe herufi 30, "usiku" linaanguka peke yake mstari wa chini. Kina cha mwisho kimehama, na jicho linahesabu mishororo minane pahali pa minne. Suluhisho ni kulaza kifaa ubavu, au kupunguza fonti hatua moja na pambizo hadi mwisho. Utenzi hauna taabu hiyo: mizani 8 inakaa kwenye skrini yoyote, hata ya simu ndogo.

Kwa riwaya za Kiswahili, zima ule upangaji unaonyoosha pande zote mbili. Maneno yetu ni marefu, na programu nyingi hazijui pa kuyakata kwa Kiswahili. "Wanaowashughulikia" likikosa nafasi linarukia mstari wa chini zima zima, na mstari wa juu unabaki na mapengo makubwa. Chagua mpangilio wa kushoto tu na ukurasa utatulia. Kindle na Kobo zote zina chaguo hilo kwenye menyu ya Aa.

Kutafuta neno kuna mtego wake. Alama ya juu katika "ng'ombe" inaweza kuwa ya wima au ya kupinda, kutegemea aliyechapa. Ukitafuta kwa alama ya wima na kitabu kina ya kupinda, huenda ukaambiwa hakuna. Tafuta "ombe" tu, utapata zote.

Kamusi zinazokuja na Kindle hazina Kiswahili. Hata ukipata ya kuongeza, kubonyeza "walipomfikia" hakukupeleki kwenye "fika", kwa sababu kamusi inatafuta neno kama lilivyo. Programu ya kusomea ya KOReader inapokea kamusi za StarDict (aina ya faili za kamusi) na inakuruhusu kuhariri neno kabla ya kulitafuta: unafuta viambishi, unabakisha mzizi. Ni ya bure, na inakaa vizuri kwenye Kobo na Android. Kwangu mimi hiyo peke yake inaitanguliza Kobo.

bintikuze

Niongeze kwa ustadh kuhusu faili za Kiswahili kwenye Kindle, kwa sababu hapo watu wengi wanakwama na hawajui sababu.

EPUB (aina ya faili ya kitabu) haiingii Kindle kwa kuiburuta na kebo. Itakaa kwenye kumbukumbu lakini haitaonekana maktabani. Lazima uitume kwa Send to Kindle, huduma ya Amazon ya kutuma faili (kwa wavuti mwisho ni MB 200, kwa barua pepe MB 50, na anwani unayotumia iwe kwenye orodha uliyoidhinisha katika akaunti yako), au uibadili kuwa AZW3 (faili ya Kindle) kwa Calibre, programu ya kompyuta ya kupanga na kubadili vitabu, kisha ndipo utumie kebo.

Sasa, kuna EPUB zinazokataliwa na Send to Kindle bila maelezo ya maana. Mara nyingi tatizo ni lebo ya lugha iliyo ndani ya faili: haipo, au ni ya lugha ambayo mfumo wao hauitambui. Fungua Calibre, hariri taarifa za kitabu, weka lugha iwe Kiingereza, kisha badili EPUB kwenda EPUB ili lebo mpya iandikwe ndani ya faili yenyewe. Tuma hiyo. Lakini hifadhi nakala yenye lebo ya Kiswahili, kwa sababu baadhi ya programu za kusoma kwa sauti huchagua sauti kwa kuitazama lebo hiyo, na Kiswahili kinachosomwa kwa matamshi ya Kiingereza hakisikilizwi.

Kobo: chomeka, buruta EPUB, chomoa. Basi.

mpenda_simu_bamburi

Jamani mbona simu mmeipita haraka? Mwalimu anasoma amesimama kwenye feri, mkono mmoja umeshika chuma. Simu tayari iko mkononi.

Weka programu ya ReadEra. Ni ya bure, haina matangazo, inafungua EPUB, PDF na MOBI bila akaunti. Mandharinyuma nyeusi yanaokoa betri kwenye skrini ya OLED tu. Kwenye LCD taa ya nyuma inawaka vile vile, hupati faida. Washa hali ya usinisumbue kabla hujaanza, maana kinachomtoa mtu kitabuni ni meseji, skrini haina kosa. Riwaya ya EPUB isiyo na picha nyingi mara nyingi haifiki MB 2, bando dogo linatosha.

Kasoro ninayoikubali: toleo la bure halipeleki ukurasa uliofikia kwenye kifaa kingine. Ukisoma simu mchana na tableti usiku, utatafuta pahali ulipoachia kila siku.

nahodha_likoni

Kaka, kwa dakika kumi za feri nakubaliana nawe. Kwa kurasa mia usiku, hapana. Mwalimu, ukinisikiliza mimi: simu ya njiani, skrini ya wino ya inchi 6 au 7 ya nyumbani na ufukweni, na PDF zisomee kwenye kompyuta ya kazini ikiwa ipo.

mwalimu_changamwe

Shukran sana nyote. Kompyuta ya kazini ipo, kwa hiyo tableti naiacha. Kuna mtu anauza Paperwhite ya 2021 iliyotumika hapa mjini. Nikaguaje kabla ya kulipa?

fundi_mwembetayari

Kagua mbele yake, usikubali "utaangalia nyumbani".

Kwanza mipangilio: kifaa kiondolewe kwenye akaunti ya mwenyewe, kisha ukisajili kwa akaunti yako papo hapo kwa hotspoti ya simu. Kikikataa kusajiliwa, huenda kimeripotiwa kuibwa au kupotea, ondoka. Hotspoti isipoonekana, iweke kwenye GHz 2.4 kwanza.

Pili, fungua ukurasa mweupe, pandisha taa hadi mwisho, tazama kama kuna vidoa au kona yenye giza. Kisha ukurasa mweusi. Kivuli cha maandishi ya ukurasa uliopita si ugonjwa, washa chaguo la kuburudisha ukurasa na kitaisha. Mstari mwembamba usiotoka ni ugonjwa.

Tatu, chomeka chaja na uitikise kebo taratibu. Chaji ikikatika-katika, ni ile kutu niliyoitaja. Mulika tundu kwa tochi ya simu, ukiona kijani au nyeupe ya chumvi, usinunue. Na kama kuna dalili ya kufunguliwa, usihesabu tena kinga ya maji, hata gundi ikionekana safi.

bintikuze

Na vitabu vya Amazon utanunua kwa kivinjari, kwa sababu programu ya Kindle ya Android iliacha kuuza vitabu ndani yake mwaka 2022. Kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay inatosha kulipia. Ila ujue, tangu Februari 2025 Amazon wameondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa kebo. Hakikisha Wi-Fi ya hiyo Paperwhite inafanya kazi sawasawa kabla hujatoa hata shilingi.