Tupeane uzoefu: Bajeti ya chakula mnaishikaje mpaka mwisho wa mwezi?

Mama Tabata (mleta mada)

Habari za jioni wakuu. Naomba tupeane uzoefu kwenye hili maana linavunja amani ya nyumba nyingi kuliko tunavyosema. Mshahara unaingia, mzigo unanunuliwa, na kabla mwezi haujafika katikati mama wa nyumba anaanza kuulizwa, "Kwani hela imeenda wapi?" Swali hilo linauma sana, hasa kwa mtu anayejua hajajinunulia hata khanga.

Naanza na ya kwangu. Tupo sita: mimi, mume wangu, watoto watatu na mdogo wangu anayesoma chuo. Bajeti ya chakula ni laki tatu na sitini, gesi iko pembeni. Siku hela inapoingia tunaikata nusu kwa nusu. Nusu moja ni ya mzigo mkavu: mchele kilo 20, kiroba cha sembe cha kilo 25, maharage kilo 6, sukari kilo 6, mafuta lita 5, ngano, chumvi, majani ya chai na sabuni. Nusu nyingine ni ya mboga, elfu 6 kwa siku. Hiyo ya mboga siiachi kwenye simu. Ikikaa kule inageuka vocha, na kila ukitoa kidogo kuna makato. Naitoa yote kwa mkupuo, naiweka kwenye bahasha za wiki, na siku zinazozidi wiki nne zina bahasha yake ndogo.

Nilichokiona ni kwamba mzigo mkavu hausumbui. Kinachotoboa bajeti ni vitu vya mia tano mia tano: vitumbua vya asubuhi, soda ya mgeni, nyanya za kuongezea, kiberiti, biskuti ya mtoto aliyekuwa anatumwa chumvi. Elfu 2 kwa siku ikienda hivyo, mwezi ukiisha ni elfu 60. Kwa bei ninayonunulia mimi, hapo ni kilo 20 za mchele na chenji inarudi. Kwa hiyo kwetu anayetumwa dukani anatumwa mara moja tu kwa siku, jioni, na kila kinachohitajika kimeandikwa.

Karibuni. Semeni mnanunua wapi, mnanunua kiasi gani, na nani anashika hela.

Baba wa Goba

Dada, umeuliza nani anashika hela, na mimi naona hapo ndipo penyewe. Kwetu anashika mke wangu, lakini Jumamosi moja kila mwezi tunaenda sokoni wote wawili. Yeye ndiye aliyeomba iwe hivyo. Mara ya kwanza kwenda naye Mabibo ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, na sado ya nyanya, kile kindoo cha kupimia, imepanda karibu mara mbili ya mwezi uliotangulia. Mwenye meza akatueleza: masika nyanya zinaozea shambani, na magari yanachelewa kufika mjini, kwa hiyo zinazofika nzima ni chache. Akamwonyesha mke wangu tenga zima limelainika upande wa chini, na hela yake imo humo.

Tangu hapo hela ya mboga kwetu haina kiwango kimoja mwaka mzima. Machi hadi Mei tunaiongeza. Kuanzia Julai mboga zikishuka tunaipunguza, na kinachobaki kinaenda kwenye mchele, maana hicho ndicho kipindi mpya unaingia na bei inalegea. Wababa wenzangu, ukiacha elfu 7 ileile mezani Januari mpaka Desemba halafu ukauliza kwa nini haitoshi, hujamtendea haki mwenzako.

Halafu sado ikaguliwe kitako kabla hujalipa. Kuna zilizobonyezwa kwa ndani.

Bodaboda wa Morogoro

Mawazo mazuri wakuu, ila wengi wetu hatuna tarehe ya mshahara. Mimi hela yangu ni ya siku. Kuna siku narudi na elfu 20, kuna siku mvua inapiga toka asubuhi na sirudi na kitu. Bahasha za wiki nne nitazijaza na nini?

Nilichofanya ni kuongea na Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu. Zamani kila mtu alikuwa na daftari la deni pale kwake. Mimi nikamwambia anifungulie ukurasa wa kutanguliza. Kila jioni kabla sijafika nyumbani napita, naacha elfu 2, anaandika. Siku mbaya naacha 500. Wiki ikienda vizuri, Jumamosi nina elfu 12 pale, nachukua sembe kilo 5 na mafuta lita moja. Hela ya mboga ndiyo naingia nayo ndani. Mke wangu analijua daftari hilo na ana haki ya kuchukua hata kama mimi sipo. Mwezi wa mvua nyingi, hatukukopa popote.

Muuza Duka

Nathibitisha anachosema huyo kijana. Mimi nina duka Mbezi na nina wateja wa namna hiyo, wengi wao kina mama wa mama ntilie. Ninawaheshimu sana, na bidhaa ikiadimika hao ndio ninaowawekea akiba kwanza.

Niwaambie kitu kingine kutoka upande wangu wa kaunta. Sukari nauza kilo 3,000, robo 800. Anayechukua robo nne kwa siku nne amelipa 3,200 kwa kilo ileile. Kwenye mafuta tofauti ni kubwa zaidi: anayekuja na kikombe kupimiwa ya 500 kila siku, akifikisha lita atakuwa amempita mbali aliyekuja na chupa yake nikamjazia lita nzima. Si kwamba namwibia. Mafuta yanabaki kwenye kipimo, mengine yanamwagika, na kumhudumia mtu wa 500 kunachukua muda uleule wa kumhudumia wa elfu 10. Lakini ukweli ni kwamba mwenye hela kidogo ndiye anayelipa bei kubwa, na inanisikitisha kumwona mtu yuleyule kila jioni na kikombe chake. Kama unaweza kukusanya siku mbili tatu ukachukua lita, kusanya. Anza na mafuta kabla ya kitu kingine chochote.

Bi Kongowea

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa. Hapa mwaka 2022 unga wa mahindi pakiti ya kilo mbili ulipita shilingi 200. Mwezi wa saba serikali ikaushusha hadi 100 kwa muda, ukawa hauonekani madukani. Hapo ndipo sisi majirani wa ploti moja tuliposhikana. Twachanga, wawili waenda sokoni, wanunua gunia la mahindi la kilo 90, twasaga mashineni na kugawana kwa gorogoro, kopo la kupimia. Viazi na vitunguu pia twanunua hivyo hivyo. Anayekwenda sokoni hubadilika kila mwezi, na risiti au bei aliyoambiwa huandikwa kwenye simu ya kila mmoja wetu siku hiyohiyo, kwa sababu vyama vya namna hii hufa kwa shaka ndogondogo.

La pili, mkopo wa simu usitumike kununua chakula. Ukishaukopea mboga, mshahara ukiingia unakatwa kabla hujauona, na mwezi mpya waanza na pengo.

Mwanamke wa Tanga

Naunga mkono Bi Kongowea. Niongeze habari ya mfungo, maana bajeti zetu huko ndiko zinakofia. Mnakumbuka mwanzoni mwa 2024 sukari ilivyoadimika nchini kwetu, mvua za El Niño zimelowesha mashamba ya miwa na uvunaji umekwama. Bodi ya Sukari ilitoa bei elekezi, rejareja 2,700 hadi 3,200 kwa kilo, lakini mitaani ilipita hapo, na Ramadhani hiyo imekaribia. Sisi tulikuwa nayo ndani. Kuanzia Rajabu huwa naongeza kilo moja ya sukari na pakiti za tambi kwenye mzigo wa kila wiki, Shaabani nafuatisha tende na ngano. Mwezi ukiandama, hela ya mfungo ni ya mihogo, magimbi, nazi na samaki tu, vitu visivyokaa.

Mwalimu wa Songea

Sisi wa mikoani tuna nafasi ambayo watu wa mjini hawana, tuitumie. Nanunua mahindi Julai na Agosti, wakati wa mavuno, magunia ya kututosha mwaka. Bei ya Februari huwa mbali na ya Julai. Kinachowaumiza wengi ni kuyahifadhi kabla hayajakauka. Kipimo ni rahisi: chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Yakikauka natia kwenye mfuko wa kinga njaa, ule wenye nailoni mbili ndani ya kiroba. Kila nailoni inafungwa peke yake, hewa imetolewa vizuri. Dumuzi anakosa hewa anakufa bila dawa yoyote. Ila usiufungue kila siku. Toa ya mwezi mzima mara moja, funga tena.

Tunasaga dona kwa ajili ya nyumbani. Debe moja la mahindi ukilisaga dona linakupeleka mbali kuliko ukilikoboa upate sembe, kwa kuwa hakuna pumba inayobaki mashineni.

Nesi Dodoma

Mimi nina angalizo. Mzigo mwingi ukikaa wazi unaliwa kwa wingi. Tulinunua mchele kilo 50, ukaisha kwa muda uleule tuliokuwa tunamaliza kilo 25. Sasa kuna kopo moja ndani ya ndoo ya mchele, na mpishi yeyote, awe dada wa kazi au shemeji, anajua chakula cha usiku ni makopo mangapi. Likizo za Juni na Desemba watoto wakiwa nyumbani tunaongeza kopo la mchana.

Mama Tabata (mleta mada)

Nimewasoma wote, asanteni sana. La sado na la mafuta nimeyachukua leo hii. Kaka wa Goba, ujumbe wako nimemsomea mzee wangu, Jumamosi tunaenda Mabibo wote.

Muuza Duka, nina jirani yangu anauza mihogo ya kukaanga, hela yake ni ya siku kama ya huyo kijana wa Morogoro. Nataka nimshauri aende kwa duka la mtaani kwetu afunguliwe ukurasa wa kutanguliza. Aanze na kiasi gani ili asionekane msumbufu?

Muuza Duka

Dada, hata 500 inaandikwa. Ila mwambie aende na daftari lake mwenyewe. Mwenye duka anaandika kwake, yeye anaandika kwake, na kila Jumamosi wanalinganisha kabla hajabeba mzigo.