Eti "kwa huko kwenu hiyo ni hela nyingi"! Yule msimamizi ametudharau mbele ya watu wote

Wakuu, nimetoka kwenye kikao cha video sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnaofanyia kampuni za nje kazi za mtandaoni hapa Arusha mnamjua, yule wa kuchora mistari kwenye picha za barabarani ili magari yanayojiendesha yajifunze kutambua magari mengine. Sina haja ya kumtaja.

Nimemuuliza kistaarabu mbona malipo ya kila picha yameshuka tena. Akanijibu kundi zima likisikia: "Kwa huko kwenu hiyo ni hela nyingi." Huko kwenu! Kwani dola ikifika huku mtaani Sakina inazaa? Laptop naiuziwa bei ya huruma? Bando ananinunulia yeye?

Picha moja ina magari mpaka upeo wa macho. Kila gari nilizungushie mstari hadi kioo cha pembeni. Kivuli kikiingia ndani ya mstari, picha inarudishwa na silipwi kitu. Nakesha, maana mchana wao ndiyo usiku wetu. Umeme ukikatika saa yao haisimami. Halafu "hela nyingi"! Angesema bajeti imeisha ningenyamaza. Lakini huko kwenu?

Ngosha wa Kijenge: Pole mkuu. Ukiacha hiyo kazi nitumie linki.

Shangazi Kaloleni: Afadhali wewe unachora magari. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kuhusu vijana wa Nairobi waliopewa kazi ya kusoma habari za ubakaji na mauaji ili ChatGPT, ile programu ya akili bandia, ijifunze kuzikwepa. Kampuni iliyowaajiri ilikuwa na mkataba wa dola 12.50 kwa saa, vijana wenyewe wakiondoka na 1.32 hadi 2.

Mwanzisha uzi: Shangazi, ya Nairobi yanauma, ila mimi nimeambiwa usoni. Huko kwenu!

Mgumu Mstaafu: Mnalia mmekaa kwenye viti! Njooni Moshi muone wagumu wanavyopandisha mizigo ya wageni mlimani, kilo 20 kichwani, na tipu ikipita mikono ya watu kibao kabla haijawafikia.

Ngosha wa Kijenge: Watu wa Moshi kila uzi lazima mlete mlima.

Mpangaji Sugu: Hiyo hela nyingi si inaishia kwa mwenye nyumba? Wangu wa Njiro anataka dola mpaka leo, na kanuni za Machi 2025 zimekataza kupanga bei kwa fedha za kigeni.

Shangazi Kaloleni: Wangu anataka kodi ya mwaka mzima, maji tunachota kwa jirani.

Ngosha wa Kijenge: Njiro ipi hiyo mkuu? Kuna chumba?