Naombeni ushauri: mdogo wangu anataka kwenda kiwanda cha simu Malaysia, mama anauza kiwanja

Dada_wa_Pongwe
Habari za jioni wanajukwaa. Naandika kwa haraka kidogo kwa sababu mnunuzi wa kiwanja anakuja Jumamosi.

Mdogo wangu ana miaka 22. Alimaliza VETA fani ya umeme na elektroniki, na tangu hapo anatengeneza simu kwenye kibanda cha rafiki yake hapa Tanga. Siku nzuri anarudi na elfu kumi, siku nyingine mikono mitupu. Mwezi uliopita alikutana na wakala anayesema kuna nafasi kwenye kiwanda cha vifaa vya simu Penang, Malaysia. Mshahara ringiti 2,800 kwa mwezi, malazi na chakula bure, mkataba miaka miwili. Wakala anataka milioni 6 na laki 5, nusu ilipwe kabla mwezi haujaisha.

Mama ameshakubali. Kinachouzwa ni kiwanja alichotuachia marehemu baba, na pengo litazibwa na mkopo wa VICOBA kwa jina la mama. Mimi ndiye mkubwa na ni mimi peke yangu niliyesita. Sasa nyumbani naonekana nina wivu.

Sina ushahidi wowote, ila moyo haujatulia. Kuna mtu anayejua kazi ya viwanda vile ikoje hasa? Na hiyo pesa ya wakala ni halali kweli?

Kipanga77
Dada, mwache kijana aende. Ringiti 2,800 ni zaidi ya milioni moja na nusu, hapa ataipata wapi? Kiwanja kitanunuliwa kingine. Waliokwenda Oman miaka ile nao walizuiwa hivyo hivyo, leo wamejenga.

Mwanafunzi_Penang
Dada, tafadhali usiuze chochote kabla hujanisoma mpaka mwisho.

Nilisoma Malaysia miaka minne, na miwili ya mwisho nilipanga karibu na Bayan Lepas. Ni eneo huru la viwanda lililoanzishwa mwaka 1972, na vipande vingi vilivyomo kwenye kompyuta na simu za dunia hupitia pale. Saa kumi na mbili asubuhi mabasi ya wafanyakazi yanajaa barabarani, yanayoleta shifti ya mchana na yanayorudisha ya usiku, na ndani wote wamelala vichwa vikiwa vimeegemea vioo.

Majirani zangu walikuwa vijana wa Nepal. Nyumba ya vyumba vitatu, watu kumi na wawili, na vitanda havipoi: anaamka wa usiku, analala wa mchana. Mmoja tulizoeana. Alikuwa amekopa kijijini kwao kwa riba ili amlipe wakala, na aliniambia mwaka wa kwanza wote hakutuma nyumbani hata senti ya kula, zote zilikwenda kwenye deni. Pasipoti yake ilikuwa ofisini kwa aliyemleta. Baba yake alipofariki hakwenda kuzika. Angeondoka, deni lingebaki kwa mama yake.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2014 Verité, shirika linalochunguza haki za wafanyakazi, lilihoji wafanyakazi 501 wa viwanda vya elektroniki vya Malaysia na kukuta asilimia 28 wako katika hali ya kazi ya kulazimishwa. Hakuna aliyefungwa mnyororo. Kinachowafunga ni deni la wakala na pasipoti iliyoshikwa, ingawa kushika pasipoti ya mtu mwingine ni kosa kwa sheria ya Malaysia yenyewe.

Halafu kuna hili, na ndilo kubwa kwako. Kazi za viwandani Malaysia haifungulii kila taifa. Ina orodha ya nchi inazochukua wafanyakazi, na zote ni za Asia: Nepal, Bangladesh, Indonesia, Myanmar, Vietnam na kadhalika. Tanzania haimo, wala Kenya. Sasa muulize huyo wakala: kijana wa Tanga atapata kibali gani?

Na kima cha chini cha mshahara kule, tangu Februari 2025, ni ringiti 1,700. Ndicho wanachoanzia wengi. Hiyo 2,800 mtu huifikia kwa ovataimu ya kukesha.

Dada_wa_Pongwe
Mungu akubariki kaka. Nimempigia wakala sasa hivi, nikamwuliza habari ya kibali. Amesema mdogo wangu ataingia kama mtalii "halafu atabadilishiwa akifika". Nikauliza jina la kiwanda, akajibu maswali mengi yanachelewesha nafasi za wengine.

Binti_Likoni
Dadangu, hiyo "atabadilishiwa akifika" sisi Mombasa tumeilia.

Binamu yangu alipewa maneno hayo hayo, nchi tu ndiyo tofauti. Aliambiwa kazi ya kompyuta Thailand. Akashushwa Bangkok, akasafirishwa usiku na kuvushwa mto, akajikuta Myawaddy, upande wa Myanmar, ndani ya ukuta wenye walinzi wa bunduki. Kazi ikawa kulaghai watu mtandaoni saa kumi na sita kwa siku. Mwanzoni mwa 2025 walipotolewa watu kwa maelfu katika yale makambi, kulikuwa na Wakenya, Waganda na Waethiopia. Wetu alirudi, lakini hata leo mlango ukigongwa kwa nguvu anasimama.

Na msidhani ukiwa na mkataba wa kiwanda kweli umepona. Mtakumbuka habari za Alabuga, kule Tatarstan, Urusi. Wasichana wa miaka 18 hadi 22 kutoka Uganda, Rwanda, Kenya, Sudan Kusini na kwingineko waliitwa kwa matangazo ya kusoma huku wakifanya kazi za hoteli na upishi. Walipofika, wengi wakapangiwa kuunganisha droni za vita. Waliohojiwa na waandishi wa habari walisimulia kemikali zinazowasha ngozi ya uso. Aprili 2024 droni za Ukraine zikapiga bweni lao na kujeruhi baadhi yao. Mtoto wa mtu amekwenda kutafuta ada ya wadogo zake, akaingizwa kwenye vita ambavyo hata havijui.

Huku kwetu orodha ya mawakala wenye leseni iko kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uajiri. Kwenu Tanzania nendeni TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira. Muulize tu: huyu mtu anatambulika?

Fundi_Aggrey
Mimi nina duka la vioo vya simu Kariakoo na nimekwenda Shenzhen mara nane kufuata mzigo. Acha niseme la China, maana swali lako la kwanza lilikuwa kazi yenyewe ikoje.

Safari ya tatu, muuzaji wangu alinipeleka kiwanda kidogo Dongguan kinachotengeneza chaja. Ghorofa moja, meza ndefu, wasichana kama mia hivi, kofia mpaka kwenye nyusi. Kila mmoja ana kitendo kimoja. Yule anapachika waya, huyu anafunika, yule anapima, na mkanda unaosogeza chaja unakwenda. Nilisimama kumwangalia mmoja nikaanza kuhesabu, nikafika hamsini nikaacha. Hakuinua macho. Nikamwuliza mwenyeji, anafanya hivyo mpaka saa ngapi? Akasema mpaka oda iishe. Sheria yao inasema ovataimu isizidi saa 36 kwa mwezi. Mwenyeji alicheka nilipomtajia.

Mimi ni fundi. Nikishika simu iliyokufa nikaiwasha, najua nimefanya nini, na mteja ananishukuru. Yule binti ameshika chaja milioni na hakuna hata moja anayoweza kusema ni yake. Mdogo wako ana akili ya kusoma bodi. Kule hataisoma. Atapachika kitu kimoja miaka miwili na atarudi amesahau alichojifunza VETA.

Mwaka 2010, katika viwanda vya Foxconn, kampuni inayounganisha simu za Apple, hasa Longhua hapo hapo Shenzhen, vijana 14 walikufa kwa kujiua ndani ya mwaka mmoja, wengi wao kwa kujirusha kutoka ghorofani. Longhua peke yake ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya laki tatu. Mshahara wa msingi ulikuwa yuani 900. Kampuni ikafunga nyavu kuzunguka mabweni. Mwezi Juni ikapandisha mshahara hadi 1,200. Ndugu zangu, ule mshahara ungeweza kupanda kabla ya nyavu.

Na tusiseme pesa haikuwepo. Watafiti waliwahi kuichambua bei ya iPhone 4 ya mwaka huo huo: ujira wa wafanyakazi wa China ulikuwa chini ya asilimia 2 ya bei ya kuuzia, na faida ya Apple zaidi ya nusu. Mteja akiniambia kioo changu ni ghali namwelewa, hali ni ngumu. Ila tangu Dongguan siwezi tena kusema kitu hiki ni rahisi kwa sababu "Mchina anajua kutengeneza". Ni rahisi kwa sababu kuna mtu amelipwa kidogo.

Kipanga77
Nimesoma yote na nakubali huyo wakala ni tapeli, kwa hilo najirudi. Lakini tusitishane kupita kiasi. China imetoka kwenye umaskini kwa viwanda hivyo hivyo. Wale wasichana wangebaki shambani. Sisi tunalilia viwanda kila siku, vikija tutavikataa?

Fundi_Aggrey
Kipanga, hoja yako ni ya kweli na siibezi. Muuzaji wangu mwenyewe mama yake alitoka kijijini Hunan kufanya kazi ya mkanda, na yeye leo ana duka Huaqiangbei, soko la elektroniki la Shenzhen. Lakini alilelewa na bibi. Mama alimwona mara moja kwa mwaka, sikukuu ya mwaka mpya, kwa sababu kwa utaratibu wao wa kuandikishwa makazi, mtoto wa kijijini kupata shule ya serikali mjini ilikuwa shida kubwa. Aliniambia mama yake aliporudi kwa kudumu, yeye alimwamkia kama mgeni. Hiyo nayo ni gharama ya maendeleo, na haimo kwenye hesabu yoyote.

Viwanda vije. Ila mfanyakazi awe na chama, aweze kugoma, na asiingie kazini akiwa tayari anadaiwa.

Mkaguzi_Afya
Naongezea la afya kwa kifupi, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Kiwanda cha elektroniki kinaonekana kisafi kuliko hospitali, na ndiyo maana watu hawaogopi. Suzhou, China, mwaka 2009, kiwanda cha vioo vya simu kiliacha kusafishia vioo kwa spiriti kikaanza kutumia kemikali iitwayo heksani kwa sababu inakauka haraka zaidi na kazi inakwenda mbio. Mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu. Watu wakaanza kufa ganzi mikono, wengine wakashindwa kutembea vizuri. Apple yenyewe ilikiri mwaka 2011 kwamba wafanyakazi 137 waliathirika.

Korea Kusini, binti aliyekuwa akifanya kazi kiwanda cha chipu cha Samsung alifariki kwa saratani ya damu Machi 2007. Baba yake, dereva wa teksi, alikataa kunyamaza. Aliungana na wazazi na wagonjwa wengine mpaka kampuni ikaomba radhi hadharani Novemba 2018 na kukubali fidia ya hadi woni milioni 150 kwa mgonjwa. Miaka 11. Na yule alikuwa Mkorea, nchini kwake, anajua lugha na sheria. Kijana wetu aliyeingia kama mtalii ataanzia wapi?

Basi akipata kazi yoyote nje siku nyingine, kwa njia halali, aulize kemikali gani zinatumika, nani analipa hospitali, na pasipoti inakaa kwa nani. Na ada ya kupatiwa kazi: muungano wa kampuni kubwa za elektroniki tangu 2015 umeweka kanuni kwamba mfanyakazi asilipe, alipe mwajiri. Kanuni inavunjwa sana, lakini ipo. Anayetaka milioni 6 kwa mtoto wa mjane anaivunja.

Mpemba_Maskati
Niko Oman mwaka wa tisa. Aliyesema tumejenga, kweli wapo waliojenga. Mimi pasipoti yangu ilishikwa miaka mitatu ya kwanza. Nyumba yangu Wete imefika lenta. Watoto wangu wananijua kwa sauti ya simu. Dada, msomee mama yako uzi huu, usimsimulie. Ukimsimulia atasikia maneno yako, na maneno yako ameshayachoka.

Dada_wa_Pongwe
Ushauri wa Mpemba nimeufuata. Jana baada ya isha nilikaa na mama nikamsomea toka juu. Nilipofika pale pa kijana wa Nepal aliyeshindwa kwenda kumzika baba yake, mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo yule mama ndiye aliyebaki na deni?"

Leo asubuhi nimeongea na TaESA. Jina la wakala hawalitambui kama mwenye leseni, na wamesema niandike malalamiko na kuambatanisha jumbe zake. Nimezihifadhi zote. Mnunuzi wa kiwanja mama amempigia mwenyewe kumwambia asije.

Mdogo wangu hajanisemesha tangu jana. Nilimsikia akimwambia rafiki yake kwamba nimemkatia riziki. Simlaumu, maana hapa sijampa kitu chochote badala ya ile safari. Kama kuna anayejua wapi anaweza kujifunza kutengeneza bodi za inveta za sola, Tanga au Dar, na ni shilingi ngapi, naomba aniandikie.

Fundi_Aggrey
Za sola sijui. Za simu najua. Mwambie aje Kariakoo baada ya sikukuu, nina meza moja iko wazi upande wa dirishani. Miezi mitatu ya kwanza silipwi ada na simlipi mshahara, ila chakula cha mchana kipo na kulala atalala na vijana wangu Buguruni. Mwezi wa nne tunagawana kwa kazi aliyoimaliza. Aje na bisibisi zake. Na anipigie yeye mwenyewe, dada, siyo wewe. Namba nimekutumia pembeni.