Naomba ushauri: gharama halisi ya seva ya ofisi mnaipigaje hesabu?

Wakuu, habari zenu. Ofisini tunataka kubadilisha seva (kompyuta kuu inayohudumia zile nyingine), na bosi anaangalia kitu kimoja tu: bei ya mashine. Mimi naona hiyo ndiyo sehemu ndogo.

Chukua umeme. Seva inayokula wati 300 usiku na mchana inamaliza yuniti 2,628 kwa mwaka, na hapo kiyoyozi cha kupoza chumba sijakigusa. Halafu leseni. Windows Server, mfumo endeshi wa Microsoft wa seva, hulipiwa kwa idadi ya kore (viini vya kazi) za prosesa, kuanzia 16 kwa kila seva hata kama yako ina 8, na bado kila mtumiaji au kifaa kinachoingia kinadai leseni yake. Linux, mfumo endeshi mbadala, nyingi ni bure, sawa, lakini fundi anayeijua vizuri si bure. Na mifumo huzeeka: CentOS 7, mojawapo ya hizo Linux, ilikatiwa masasisho tarehe 30 Juni 2024, waliobaki nayo wakajikuta wanahama au wanalipia msaada wa ziada.

Kukodi seva mtandaoni kunakuondolea umeme na diski zinazokufa, ila bili haikomi, na watoa huduma wengi hutoza unapotoa data zako nje.

Wenye uzoefu, mnapiga hesabu ya miaka mitatu au mitano? Na zile saa ambazo mfumo umelala, watu wamekaa tu, mnaziwekaje kwenye hesabu? Hapo ndipo nimekwama. Mwenye jedwali la Excel anionyeshe vichwa vya safu tu, tarakimu abaki nazo.