Tupo Dodoma, tunataka cheti cha kuzamia: Unguja, Mafia, Dar au Kigoma?

Mtoto wa Ilazo

Mbukwenyi wakuu. Sisi ni sita, tunaogelea pamoja kila Jumamosi asubuhi kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini. Tulianza watatu, na mmoja wetu aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka thelathini. Sasa tumekubaliana: tunataka cheti cha kwanza cha kuzamia kwa mtungi, halafu tuwe klabu kamili ya watu wa Dodoma wanaoshuka baharini mara mbili kwa mwaka.

Likizo inayotukutanisha wote ni siku sita, safari ikiwa ndani yake. Mimi navutwa na Unguja, upande wa Nungwi na kisiwa cha Mnemba, kwa sababu shule ni nyingi. Dar ni rahisi kufika: treni ya SGR, mwendo wa saa tatu na nusu mpaka nne uko mjini, boti mpaka Mbudya au Bongoyo. Mwenzetu mmoja anaitaka Mafia kwa ajili ya papa potwe. Mwingine kwao Kigoma, anasema Ziwa Tanganyika lina maji maangavu kuliko bahari yote tuliyowahi kuiona.

Kuna jambo la pili. Kijana wetu amepata mtungi uliotumika na regyuleta yake, ile ya kuvutia hewa kwa mdomo, vinauzwa. Anataka tuanze kujizoeza bwawani, hewa tujaze kwa kompresa ya gereji. Bwawa lenyewe lina mita mbili na nusu tu. Mnashaurije?

Bi Mkubwa wa Kaskazini

Mwanangu, nianze na hilo la mwisho maana ndilo linalonitisha. Msijaze. Kompresa ya gereji inapeleka mafuta na moshi wa injini ndani ya mtungi. Hewa yenye kaboni monoksidi kidogo, ambayo hapo juu ingekuuma kichwa tu, ukiivuta chini ya mgandamizo sumu yake inazidi. Mtungi wa kuzamia hujazwa na kompresa yake maalumu yenye vichujio, na mtungi wenyewe hukaguliwa ndani na kupimwa kwa mgandamizo kwa vipindi. Huo wa mtumba nani anajua ulikaguliwa lini?

Na hizo mita mbili na nusu zisiwadanganye. Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja, ishushe mita 10: hewa iliyomo inajikunja mpaka nusu lita. Ipandishe, inarudi lita. Pafu lako ni chupa hiyohiyo. Ukivuta hewa ya mtungi chini ya maji ukabana pumzi huku unapanda, hewa inatanuka na pafu halina pa kuipeleka. Mabadiliko makubwa kabisa yapo karibu na uso wa maji, kwa hiyo hata bwawa la hoteli linaweza kumpasua mtu pafu. Mimi nafundisha mwaka wa kumi na moja huu, na siku ya kwanza sisemi kitu kingine mpaka kila mwanafunzi amenirudishia kwa kinywa chake: sibani pumzi.

Haya, Unguja. Karibuni. Kozi ya kwanza ina darasa, ina mazoezi ya maji tulivu, halafu mbizi nne za baharini kwa muda usiopungua siku mbili. Mbizi mbili za mwanzo hamzidi mita 12, na cheti chenyewe kinawapa ruhusa mpaka mita 18. Njooni Februari, upepo wa kaskazi umetulia na maji ni mepesi. Kusi ikishika, kuanzia Juni, upande wa mashariki mawimbi yanachosha mwanafunzi kabla hajaingia majini.

Kasa wa Kilindoni

Nimesoma kwa furaha, maana wabara wengi hupita Dar wakaishia hapo. Mafia ni hifadhi ya bahari tangu 1995, ya kwanza nchini, na matumbawe ya ghuba ya Chole yanaonyesha tofauti. Chewa wakubwa bado wapo. Kasa utawakuta wamelala chini ya mwamba.

Lakini nitasema ukweli hata kama ni kwetu: msije Mafia kujifunza, njooni mkishajua. Mbizi zetu nzuri zinafuata maji kujaa na kupwa. Kule mlangoni mwa ghuba mkondo ukishika, hasa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, unambeba mtu kama jani. Mwenyeji anapanga saa ya kuingia kwa kutazama maji, na mgeni anatakiwa awe ameshajua kuelea bila kushika kitu. Anayejifunza nampa maji mafu, yasiyo na mkondo mkali, na mwamba wa kina kifupi, basi.

Na potwe haohao mnaowafuata huonekana karibu na Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, nao huogelewa kwa miwani na mrija tu. Mtungi hauhitajiki. Kwa hiyo msichague kozi kwa sababu ya potwe.

Mwana wa Ujiji

Naomba kulitetea ziwa. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, la pili duniani, na kando ya miamba kuna samaki wadogo wa rangi ambao hawapatikani kwingine popote. Chumvi haikuchomi macho, maji ni ya vuguvugu. Nimezamia huko mara tano na kila mara nimetoka natamani kurudi.

Ila mkumbuke uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mita 300 tunahesabu kuwa ni kuzamia mwinukoni, na majedwali ya kawaida ya bahari, ya kina na muda wa kukaa chini, hayatumiki bila kurekebishwa. Kompyuta ya kuzamia unayovaa mkononi inabidi ijue iko mwinuko gani. Kuna mamba na viboko sehemu za ufuoni, na kichocho, kwa hiyo mwenyeji anayejua pa kuingilia ni lazima. Mimi kwetu ni huko na bado nilichukua cheti pwani kwanza.

Nkuhungu Kavu

Mnaongea samaki na maji, hakuna aliyeongelea safari ya kurudi. Mimi naishi nayo.

Mwaka jana nilizamia Dar siku mbili, mbizi tano. Ya mwisho nilitoka majini saa nane mchana. Nikaoga, nikala, nikapanda treni ya jioni. Sikuwaza, maana kila mtu huonywa kuhusu ndege, na mimi sikupanda ndege. Usiku huo Dodoma bega la kushoto likaanza kuuma, ile ya ndani kwenye kiungo. Nikadhani ni begi. Asubuhi vidole viwili vinachonyota na paja lina ganzi. Nikaenda hospitali nikasema bega linauma, nikapewa dawa ya maumivu. Hawakukosea wao, mimi sikuwaambia nilikuwa baharini. Jioni ndipo nikampigia mwalimu wangu, akanikatiza sentensi ya pili: rudi hospitali sasa hivi, waambie umezamia, uwekewe oksijeni. Nilivuta oksijeni saa kadhaa. Maumivu yakaisha, ila vile vidole vilichonyota wiki tatu.

Dodoma iko juu, ndugu zangu. Tumezoea kuiona tambarare tukasahau.

Zamu ya Usiku

Nkuhungu, pole sana, na ahsante kwa kulisema. Mimi ni tabibu, nami huzamia. Naomba nilieleze hili taratibu.

Ukiwa chini, mgandamizo unasukuma naitrojeni ya hewa unayovuta iingie kwenye damu na nyama za mwili. Ukipanda polepole inatoka kwa pumzi. Ukipanda haraka inafanya mapovu, kama soda iliyofunguliwa kwa pupa. Hata ukitoka majini salama, sehemu ya ile naitrojeni bado imo na inaendelea kutoka kwa saa nyingi. Sasa Dodoma mjini ni takriban mita 1,120, na hewa yake ina mgandamizo pungufu kwa kama asilimia 12 kuliko ya Kivukoni, Dar. Kwa mwili wako, kupanda treni kwenda Dodoma ni kuendelea kupanda kutoka majini. Basi na gari dogo hali kadhalika, tena barabara inapita Gairo.

Mwongozo wa DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wazamiaji, unasema usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 ukiwa umezamia mara kadhaa au siku kadhaa. Watu huuita mwongozo wa ndege, lakini unahusu mwinuko wa kuanzia kama mita 600 mpaka 2,400. Dodoma imo humo. Mimi kwa watu wetu napenda saa 24 kamili, na siku hiyo maji ya kunywa kwa wingi, pombe hapana.

Dalili ni maumivu ya viungo, ganzi, kuchonyota, vipele au mabaka, kizunguzungu, uchovu usioelezeka. Mlaze mgonjwa, oksijeni safi, piga simu kwa watu wa dharura za wazamiaji, ulizia chemba ya mgandamizo, kile chumba maalumu cha kutibia wazamiaji. Dalili kupungua kwa oksijeni si kupona, Nkuhungu, ulipaswa kupelekwa kwenye chemba. Na neno la kwanza mapokezi liwe: nilikuwa nazamia.

Mtoto wa Ilazo

Nimesoma hili mara mbili kwa sauti kwa wenzangu. Sisi tulikuwa tumepanga tuzamie asubuhi, tupande treni jioni. Hivyohivyo kabisa. Nkuhungu, sijui nikushukuru vipi.

Daktari, mmoja wetu alikuwa na pumu utotoni, na mwingine kila kiangazi vumbi likianza pua zinaziba. Wakae pembeni?

Zamu ya Usiku

Wa pumu aende kwa daktari na fomu ya afya ya wazamiaji kabla ya kulipa hata senti. Wengine huruhusiwa baada ya vipimo vya pumzi, wengine hawaruhusiwi, na jibu lolote lile aliheshimu. Asifiche kwenye fomu. Wa vumbi anaweza kuzamia siku ambayo masikio yanazibuka bila nguvu. Yakikataa, apande kidogo ajaribu tena. Yakikataa tena, mbizi imeisha na hakuna wa kumlaumu. Asimeze dawa ya kuzibua pua ili ashuke, maana inaweza kuisha nguvu akiwa chini, akashindwa kupanda bila maumivu makali.

Bajeti ya Boom

Habari, mimi nasoma UDOM. Kwa mfuko wa mwanafunzi Dar si ndiyo nafuu? SGR ya kawaida ni 31,000, nauli ya boti ya Unguja haipo, na badala ya hoteli naweza kulala kwa ndugu.

Bi Mkubwa wa Kaskazini

Dar ni nafuu na sitaisema vibaya. Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, na kwa kina cha mafunzo miamba inatosha. Maji huwa na ukungu zaidi hasa masika, na baadhi ya miamba ya pwani ya bara bado ina makovu ya uvuvi wa baruti. Pesa usipunguze kwenye mwalimu tu.

Kokote muendako, kabla ya kulipa ulizeni: oksijeni ipo ndani ya boti, au imefungiwa ofisini? Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Kiwango kinaruhusu mpaka wanane baharini, mimi sizidishi wanne. Nani anahesabu vichwa kabla nanga haijang'olewa? Chemba iliyo karibu iko wapi, na inafanya kazi leo? Anayekasirishwa na maswali haya mwacheni na boti yake.

Na kuna njia hamjaitaja. Darasa na bwawa mnaweza kumaliza hukohuko Dodoma, mkimgharamia mwalimu mwenye leseni aje na vifaa vyake vilivyojazwa vizuri. Akimaliza anawapa fomu ya rufaa, mnakuja kwangu au kwa mwingine kufanya mbizi nne tu za bahari. Kutoka bwawani kushuka pwani hakuna tatizo, tatizo ni kupanda.

Kasa wa Kilindoni

Hapo Bi Mkubwa amemaliza. Nami niongeze la klabu, maana cheti mtapata ila tabia ndiyo itakayowaweka hai. Mzoee kukaguana wawili wawili kabla ya kila mbizi, hata mkiwa mmezamia mia: jaketi la kuelea linajaa hewa na kuitoa, mikanda ya vyuma vya uzito inafunguka kwa mkono mmoja, hewa imefunguliwa, geji inasoma. Mtungi wa lita 12 ukijaa bar 200, yaani kipimo cha mgandamizo kwenye geji, una lita 2,400 za hewa. Mita 10 unakula mara mbili ya juu, mita 20 mara tatu. Ukifika bar 100 mwambie mwenzako. Ukifika 50 uwe umeshatoka au unakaribia uso wa maji.

Kupanda, mita 9 kwa dakika, usizidi. Simama mita 5 dakika tatu, tazama juu, sikiliza injini za boti. Na yeyote kwenye klabu akisema leo sijisikii, hakuna kumuuliza kwa nini.

Mtoto wa Ilazo

Tumekaa jana usiku, watano kati ya sita. Mtungi hatununui. Januari mwalimu anakuja Dodoma, darasa na bwawa wikiendi mbili. Februari tunashuka Unguja: Jumanne safari, Jumatano na Alhamisi mbizi mbili mbili, ya mwisho tuwe nje ya maji kabla ya saa nane mchana. Ijumaa Mji Mkongwe, miguu mikavu. Jioni boti mpaka Dar tulale, Jumamosi treni ya asubuhi. Hiyo inatupa zaidi ya saa 36. Wawili walitaka Dar kwa sababu ya gharama, tumekubali iwe safari ya pili, ila Agosti hapana, maana vumbi linamziba pua mwenzetu. Mafia tutakuja, Kasa, tukishajua kuelea. Wa pumu ana miadi Jumatatu.

Nkuhungu Kavu

Nafasi ya saba ipo? Kuzamia bado, nasubiri daktari anayejua mambo haya anipime upya. Bwawani nitaogelea tu, na niko tayari kuwa wa kuhesabu vichwa.

Mtoto wa Ilazo

Jumamosi saa moja kamili asubuhi, kaka. Nakutumia ramani.